Tope Upande wa Jua

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani hadanganywi na nguo. Mtu anaweza kuapa alikuwa ofisini mchana kutwa, nami nikitazama magoti ya suruali yake najua alikuwa wapi na alipiga magoti kwa ajili ya nini. Ndiyo maana siku mume wangu aliporudi kutoka Upande wa Jua na tope kwenye pindo, sikusema neno. Nilisubiri avue, nikaichukua suruali, nikaipeleka uani kwenye mwanga na kuipindua.

Usipoujua mlima wetu hutaelewa kwa nini tope liliniuma. Mume wangu, ambaye watu wote wanamwita Kimya kwa sababu neno moja kwake ni hotuba, anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa wanyama. Kila mwezi anapanda mlimani kutundika masanduku ya kunasia sauti kwenye miti, halafu anarudi na kadi zake. Masanduku hayo wenyewe wanayaita masikio. Mlima una pande mbili, na mawingu yana tabia ya kuja kutoka upande mmoja tu. Yakifika yanaugonga mlima, yanamwaga kila kitu hukohuko, na yakivuka kilele hayana tena cha kumpa mtu. Basi Upande wa Mvua una udongo mweusi, miti iliyoota ndevu, vyura wa kila sauti na ndege mpaka kero. Upande wa Jua una vumbi jekundu, miiba, mijusi, na ndege wachache wanaojua kuvumilia. Kimya aliwahi kuniambia, katika hotuba yake ndefu kuliko zote, kwamba mnyama hachagui upande kwa kupenda. Maji, udongo na baridi ndivyo vinavyomchagulia, na yeye anakubali au anakufa.

Sasa, alikuwa ametoka Upande wa Jua, kasema mwenyewe. Vumbi jekundu lilikuwepo mabegani, sikatai. Lakini pindoni kulikuwa na tope jeusi lililokauka, na ndani ya mkunjo nikachomoa kipande cha kuvumwani, ule ulaini wa kijani unaoota juu ya mawe yasiyokauka. Upande wa Jua kitu hicho hakioti hata ukikibembeleza.

Nilimuuliza kama huko kulinyesha. Akasema hapana. Nikamuuliza kama njiani alisimama Upande wa Mvua. Hapana. Akaingia bafuni kuoga, au kujaribu kuoga, maana bomba letu siku hizo lilikuwa linatoa uzi mmoja wa maji, na nilikuwa nimechoka kuwatukana watu wa idara ya maji kila asubuhi kabla hata sijawasalimia majirani. Nilibaki uani na suruali mkononi. Upande wa Mvua kuna mji mdogo wenye nyumba za wageni, na mwanamume asiyesema kitu nyumbani kwake lazima ana mahali anakosemea.

Tangu siku hiyo nikawa na kazi mbili, kushona na kushuku. Kushuku hakuna malipo lakini kunajaza siku. Nikaanza kunusa mashati. Nikagundua kwamba harufu yake akirudi si ya jasho kavu, ni ya majani mabichi. Kisha nikakikosa kitambaa. Kilikuwa pamba nyeupe nyepesi, kipande kizuri nilichokuwa nimekipinda kingo kwa mkono wangu, nikakiweka chini ya rafu nikisubiri mteja. Nilipekua chumba kizima cha kushonea mpaka chini ya cherehani. Watoto wakasema hawajakiona. Kimya alikuwa anakunywa chai, na nilipotaja kitambaa akainua kikombe kikamfunika uso, akakaa nacho hivyo muda mrefu kuliko chai iliyokuwemo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo ndiyo kazi yangu, na bado nilikuwa naliwa.

Dada yangu ndiye aliyekuja kumalizia. Yeye ni mkubwa wangu, na ndiye aliyeniunganisha na Kimya zamani hizo, kwa hiyo tangu ndoa hii ianze anaiangalia kama mtu aliyeuza kitu na anaogopa kitarudishwa. Anafanya kazi kituo hichohicho. Wakati mume wangu anatundika masikio, dada yangu anakaa ofisini na hedifoni kichwani kusikiliza yaliyonaswa na kusema huyu ni mnyama gani. Vyura wana majina yao ya kitaalamu, lakini chumba kile kinawapa majina yake. Yuko Mlango, yuko Mzee Kakohoa, na yuko Kijiko, ambaye analia kama mtu anayegonga kijiko kwenye ukingo wa kikombe. Kijiko ni wa Upande wa Mvua. Ngozi yake ni nyembamba mno, kivuli kikimtoka tu anakauka.

Dada alifunga mlango wa chumba changu cha kushonea, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema amemsikia Kijiko kwenye kadi ya Upande wa Jua. Si mmoja, wengi. Akaniambia amerudia kusikiliza mpaka sikio limeuma, na hakuna njia nyingine ya kulieleza: sikio lile halikutundikwa Upande wa Jua. Shemeji yake ametundika Upande wa Mvua, mahali pa starehe, halafu akaandika jina la mahali pengine.

"Hiyo ni kufukuzwa kazi, mdogo wangu," alisema. "Ramani yote ya nani anaishi wapi tunaitoa kwenye hizi kadi. Kadi moja ikisema uongo, ramani imekwisha."

Kisha akatoa simu yake. Alikuwa amehamisha kipande kidogo, na alinipa kwa namna ya mtu anayekabidhi barua ya msiba. Nikaweka hedifoni. Kijiko kinagonga, kinagonga. Halafu kicheko cha mwanamke, kimetoka tumboni hasa, cha mtu aliyezoea kucheka na aliye karibu naye. Halafu sauti ya mume wangu. Maneno hayakusikika vizuri, ila niliusikia urefu wake. Alikuwa anaongea. Kimya alikuwa anaongea, sentensi baada ya sentensi, na yule mwanamke anacheka.

Kicheko ningekisamehe. Yale maongezi ndiyo yaliyonikata. Miaka yote ya ndoa nimeishi na mtu ambaye nikimuuliza habari za kazi ananijibu nzuri, nikidhani ndivyo alivyoumbwa, kumbe maneno anayo na yana mwenyewe.

Dada alikuwa hajamwambia mkuu wa kituo. Alisema angeweza kuisahau ile kadi, kadi huharibika, mvua huingia, na mimi ninyamaze niilinde nyumba yangu na mshahara wa mume wangu. Aliuliza nataka nini. Nilikuwa na mkasi mkononi, nakumbuka, na kola ya shati la mtu.

"Mwambie," nilisema. "Mwambie leo."

Mkuu wa kituo jina lake la mtaani ni Ushahidi, kwa sababu hawezi kukubali hata kwamba ni mchana bila kuchungulia dirishani. Dada alipompelekea habari hakufoka. Alisema mtu hahukumiwi kwa chura, akapanga safari ya kwenda kujionea Kimya atakapokuwa mlimani. Na kwa kuwa barabara ya Upande wa Jua inafuatana na bomba kuu linaloleta maji mjini, na geti lake ni la idara ya maji, akawapigia simu kuuliza kama mtumishi wake anapita pale. Jibu likarudi kwamba anapita kila mwezi bila kukosa, amebeba kifurushi, na anakawia kutoka.

Kwa Ushahidi jibu hilo lilimsafisha Kimya nusu. Kwangu mimi lilimchafua kabisa. Kumbe mwanamke hayuko kwenye nyumba za wageni, yuko hukohuko kwenye miiba, na kifurushi ni kitambaa changu. Wale vyura sikuwajali tena. Wangekuwa hata mamba.

Siku ya safari mkuu alinikatalia nisiende. Nikapanda kwenye gari nikakaa, na kunishusha kungehitaji watu, kwa hiyo tukaondoka. Mbele walikaa Ushahidi na dereva. Nyuma tulikaa mimi, dada, na mtu mmoja wa idara ya maji aliyeomba lifti, mtulivu, ana mfuko wa turubai miguuni. Alisema ofisini kwao walishangaa watu wa wanyama wanatafuta nini kila mwezi kwenye bomba lao, wakamwambia apite atupe jicho. Nilimwitikia tu. Akili yangu ilikuwa inapanga maneno, nayapanga na kuyapangua, namna ya kumwambia mwanamume mbele ya nyumba yake ndogo.

Barabara ilizunguka mlima taratibu. Upande wa Mvua tulipita tumefunga vioo kwa sababu ya ukungu. Kisha gari likakata kona, na ni kama mtu kavuta pazia: ukungu ukaisha, miti ikapungua kimo, nyasi zikawa rangi ya mkeka wa zamani, na vumbi jekundu likaingia mpaka menoni. Mawingu tuliyaona juu ya kilele yamejaa, yamesimama hapohapo. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini upande ule hata mawingu ni ya kushuku. Kila kibanda tulichokipita nilikitazama mlangoni, kila kamba ya nguo niliisoma.

Getini mlinzi alitufungulia, akasema Kimya ameingia tangu asubuhi. Tukaacha gari, tukafuata bomba kwa miguu. Lilikuwa bomba nene la chuma, mahali limefukiwa, mahali limetokeza. Ushahidi alikuwa anapiga picha vumbi. Dada ndiye aliyesimama ghafla, akainua kidole, na macho yakamtoka.

"Kijiko," alinong'ona.

Mimi pia nilikisikia. Mchana ule, kwenye ardhi iliyopasuka, kikombe kinagongwa na kijiko, kimoja, viwili, kisha vingi mpaka huwezi kuvitenga. Tukashuka kwenye korongo, na rangi ikabadilika mbele yetu. Kulikuwa na kijani. Kulikuwa na majani mapana, na mti mzima wenye ndevu kama kwenye Upande wa Mvua, na ndege mdogo wa buluu ambaye dada alimtaja jina lake kwa sauti ya mtu anayesali. Katikati bomba lilipita wazi juu ya mawe, na kwenye kiungio chake maji yalikuwa yanachuruzika pande zote, bila haraka, yakiingia kwenye kidimbwi cheusi.

Lakini mimi niliona kitambaa changu. Kilikuwa mikononi mwa mwanamke, kijana, mzuri, amejifunga khanga kiunoni na miguu imo kwenye tope. Anacheka kile kicheko. Na mume wangu amechuchumaa karibu naye, suruali kwenye tope, anaongea.

Sitarudia niliyoyasema. Niliyasema yote niliyoyapanga na mengine ambayo sikujua ninayo, ya kitambaa, ya chai, ya miaka, ya watoto. Niliongea mpaka nikaishiwa, na niliponyamaza ndipo nikagundua korongo lote limenyamaza. Vijiko vyote vilikuwa vimekoma.

Yule mwanamke hakukasirika. Nyuma yake kulikuwa na wanawake wengine, wakubwa na wazee, wenye ndoo na madumu, sikuwa nimewaona hata mmoja. Alikuja mpaka nilipo, akaniamkia vizuri. Kitambaa changu kilikuwa kimefungwa kwenye mdomo wa ndoo, na juu yake, kwenye ile pamba niliyoipinda mwenyewe, vilikuwa vinacheza viluwiluwi. Walikuwa wanachuja maji. Vijitoto vya vyura vinabaki juu ya kitambaa, wanavirudisha kidimbwini, maji yanaingia ndoo.

"Wewe ndiye mama mwenye kitambaa?" aliniuliza. "Kila akija tunamwambia akushukuru. Hajakushukuru?"

Sikuwa na pa kuweka uso. Dada yangu alikuwa amepiga magoti kwenye tope anazungumza na vyura. Ushahidi anazunguka na kamera, anasema peke yake kwamba haijapata kuonekana, kiungio kimoja kinavuja miaka, na ardhi imepata udongo mwingine na wakazi wengine. Labda vyura walilifuata bomba kutoka ng'ambo ya mlima, alisema, unyevu hadi unyevu, chini ya ardhi lilipofukiwa. Nilimgeukia mume wangu nikamuuliza kitu kimoja tu, kwa nini hakuniambia. Yeye hakuwa ananitazama. Alikuwa anamtazama mtu aliyesimama nyuma yangu.

"Yule ni nani?" aliuliza.

Nikageuka. Mtu wa idara ya maji alikuwa ameufungua ule mfuko wake wa turubai na ameinama kwenye kiungio, anapima upana wa bolti kwa vidole.

Kimya aliketi juu ya jiwe. Akasema, na hiyo ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote sasa: "Ningekwambia wewe, ungemwambia dada. Dada angemwambia mkuu. Mkuu angeandika ripoti, na ripoti ingesomwa na mwenye spana. Nilikuwa natundika sikio mbali, kule juu ya korongo, ili vyura wasisikike. Mwaka huu wamezaana mpaka wakaufuata mti wenye sikio. Nikasema labda haitagundulika."

Alisema bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira.

Ushahidi alijaribu, sitamnyima haki yake. Alimwomba yule mtu asubiri, aandike kwanza, aombe kibali, mahali hapa pana thamani. Wale wanawake nao wakaongea, kwamba maji mengine yako mbali, kwamba kiungio hiki kimelea watoto wao. Mtu wa idara ya maji alisikiliza wote kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu. Alipomaliza kusikiliza alinigeukia mimi, labda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimepiga kelele kuliko wote.

"Mama, mnakaa mtaa gani?"

Nikamtajia.

"Na bomba lenu linatoa vizuri?"

Nilitaka kusema linatoa. Ulimi uliandaa kabisa huo uongo. Lakini mwezi uliotangulia nilikwenda mwenyewe kwenye dirisha lao, nikagonga kaunta, na nadhani sura yangu aliikumbuka.

"Basi maji yako haya hapa," alisema.

Hakukaza siku ile, alikuwa hana raba ya ukubwa ule. Walirudi baadaye na gari lao. Kimya aliachiwa kazi yake, na kadi yake iliingizwa kwenye ramani, kitone kidogo cha kijani katikati ya wekundu, na Ushahidi akaandika pembeni mwake maelezo marefu. Wanawake waliahidiwa bomba la kwao, na ahadi hiyo bado iko njiani inakuja kwa miguu. Mimi nilipata nilichokuwa nakitafuta, mume mwaminifu, nimethibitishiwa na ofisi mbili za serikali.

Dada alinialika siku moja ofisini nisikilize. Alinipa hedifoni zake. Kwanza walikuwepo Vijiko, wamejaa. Halafu mwanamke mmoja anafoka, sauti kali, mbaya, na ilinichukua muda kukubali kwamba ni mimi. Vijiko vikakatika papo hapo. Ukimya ulikuwa mrefu. Kisha kimoja kikajaribu, kwa woga, na kingine kikajibu. Dada akabadilisha kadi, akaweka ya mwezi uliofuata. Chuma kinagonga chuma, watu wanaitana, gari linaondoka. Baada ya hapo ulikuwa upepo kwenye nyasi kavu, na dada akaniambia hata nikisikiliza mpaka jioni ni huo huo.

Wahenga wamesema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakuwajua watu wa idara ya maji. Bomba letu sasa linatoa kwa nguvu mpaka linarusha ndoo, na majirani wananipongeza kwamba kelele zangu zimesaidia mtaa.

Jana Kimya karudi kutoka mlimani. Nilimuuliza habari za kazi, akasema nzuri. Alipovua suruali niliipeleka uani kwenye mwanga kama kawaida yangu, nikaipindua, nikakunjua pindo polepole kwa kucha. Lilikuwa vumbi jekundu, kavu, kutoka juu mpaka chini, kama inavyotakiwa kwa mtu aliyetoka Upande wa Jua. Nilipapasa mikunjo yote miwili. Kisha nikafungua bomba, nikajaza beseni mpaka likafurika, nikaifua.